Pete ya uchumba: almasi, moisanaiti, zirkonia au safaya ya Tunduru? Yaliyonikuta na niliyojifunza

Wakuu habari za sa hizi. Kamwene kwa ndugu zangu wa Iringa, ugonile kwa wa Tukuyu na Mbeya kwa ujumla. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke aje asome usiku, ila kama uko kwenye mipango ya kumvisha mtu pete naomba usiache kusoma maana mi mwenyewe ningeupata uzi kama huu mwezi wa tatu ningeokoa hela na machozi.

Mi ni mtu wa Kilolo ila nipo Mbeya mwaka wa saba sasa, napeleka viazi Dar kutoka huku Uporoto. Mchumba wangu ni fundi cherehani, ana kibanda chake pale Mwanjelwa, kwao Tukuyu. Mwezi wa tatu nilishusha mzigo Dar nikawa na hela kidogo nikasema sasa nafanya jambo. Nikaingia duka moja, jina sitalitaja na wala msiniulize PM, nikamwambia dada wa pale nataka pete ya uchumba yenye almasi ya kweli. Akanitolea moja ina jiwe la duara linawaka vibaya mno, akaniambia hii ni almasi nusu karati, dhahabu karati 18, bei 1,850,000. Akachukua kale kamashine kama kalamu akakagusisha kwenye jiwe, kakalia piii, akasema umeona kaka, ikilia hivi ni almasi. Mi nikaamini. Nikalipa, nikapanda basi la usiku nimeishika mfuko wa ndani wa koti mpaka Uyole.

Ilikuwa kubwa kidogo kwa kidole chake (saizi niliiba kwa uzi wa cherehani akiwa amelala, ndo maana) nikaipeleka kwa mzee mmoja sonara hapa mjini aipunguze. Mzee kaishika, kaiangalia na lenzi yake ile ndogo ya kubana jichoni, akanyamaza muda. Akaniuliza, "Kijana wangu, umeambiwa hili ni jiwe gani?" Nikasema almasi. Akanipa lenzi na mimi. Akasema ilaze pete kwa pembeni, usiangalie uso wa juu, angalia ndani kabisa kule nyuma kwenye ile mikato. Nikaangalia. Kila mstari wa nyuma ulikuwa miwili miwili, kama vile umechoka macho unaona kitu mara mbili. Akasema almasi haifanyi hivyo, mwanga ukiingia kwenye almasi unapita njia moja, hili jiwe linaugawa mwanga njia mbili. Hii ni moisanaiti, jiwe la kutengenezwa linalofanana na almasi.

Nikamwambia mzee mbona mashine ililia? Akasema ile kalamu inapima jinsi jiwe linavyopitisha joto, na moisanaiti inapitisha joto karibu kama almasi, so kalamu ya joto peke yake haiwezi kuzitenganisha, inatakiwa ile inayopima na umeme. Na ndani ya pete kulikuwa na muhuri mdogo 585 ambao mi nilidhani namba ya duka. Kumbe 585 ni dhahabu karati 14. Karati 18 muhuri wake ni 750, yaani sehemu 750 kati ya 1000 ni dhahabu tupu, na ile ya bei rahisi ya karati 9 ni 375. Ukiona 925 hiyo ni fedha, sio dhahabu kabisa. Yaani nilidanganywa jiwe na dhahabu kwa pamoja, na namba ilikuwa imeandikwa humohumo ndani ya pete nimetembea nayo kilomita zaidi ya mia nane.

Hapa niseme kitu kuhusu hili neno karati maana linachanganya watu. Karati ya dhahabu ni usafi, 24 ndo tupu. Karati ya jiwe ni uzito, karati moja ni gramu 0.2 tu. Ni vitu viwili tofauti vyenye jina moja. Na moisanaiti ni nyepesi kuliko almasi, ndo maana wauzaji waaminifu wanaiuza kwa milimita, wanakwambia hii ina upana wa 6.5 ambao ni kama almasi ya duara ya karati moja. Wasio waaminifu wanakwambia "karati moja" halafu wananyamaza.

Nikakaa wiki mbili sijamwambia. Nilikuwa naona aibu, tena naona nimpe tu, nani atajua. Mwisho nikamwambia, nikamuonyesha pete na nikamueleza yote. Akaigeuza geuza, akasema ni nzuri. Halafu akaniambia maneno ambayo ndo yamenifanya niandike huu uzi. Akasema, "Ungeniletea hiihii ukaniambia ni moisanaiti ningevaa na ningefurahi. Ila siwezi kuvaa miaka kumi nawaambia watu ni almasi halafu siku moja sonara aje aniambie mbele ya wanangu sio. Kairudishe."

Nilirudi. Risiti yao ilikuwa imeandikwa "pete ya dhahabu 1" basi, hakuna jiwe, hakuna karati, hakuna chochote. Ndo maana walinijibu vile walivyotaka. Baada ya kubishana siku mbili nikarudishiwa 1,300,000. Wakuu, risiti iandikwe jina la jiwe, uzito au milimita, karati ya dhahabu na gramu zake, na kama jiwe limekuzwa maabara au limetoka ardhini. Muuzaji akikataa kuandika ujue hicho anachokwambia mdomoni hayuko tayari kukisimamia.

Sasa tuje kwenye mawe yenyewe. Tangu siku ile nimekuwa nakaa kwa yule mzee kila nikipata nafasi, ananifundisha, na nimesoma sana.

ALMASI YA ARDHINI. Hii ni kaboni tupu, ugumu wake 10 kwenye kipimo cha Mohs, hakuna jiwe linaipita. Kwetu inatoka Mwadui, Shinyanga, mgodi alioanzisha yule mjiolojia wa Canada, John Williamson, baada ya kuigundua mwaka 1940. Lile jiwe la pinki la karati 54.5 lililotoka pale 1947 alipewa Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi, likakatwa likabaki karati 23.6. Ila ugumu sio kutovunjika, hapo wengi wanakosea. Almasi haikwaruziki kirahisi lakini ukiipiga nyundo au ukiigonga vibaya kwenye kona inapasuka, ina njia zake za kupasukia kama gogo la mlingoti linavyopasuka kufuata nyuzi. Na bei yake kwa jiwe zuri la karati moja ni maelfu ya dola. Ukinunua, dai cheti cha maabara kama GIA, namba ya cheti mara nyingi inachongwa kwa leza kiunoni mwa jiwe (ule ukingo mwembamba unaolizunguka), sonara mwenye lenzi nzuri anaisoma na wewe unaihakiki kwenye tovuti yao hapohapo dukani kwa simu yako, sio ya muuzaji.

ALMASI YA MAABARA. Hapa ndo kuna ubishi mkubwa na mi msimamo wangu ni huu: ni almasi. Ni kaboni ileile, ugumu uleule 10, inang'aa vilevile. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilifanikiwa kuitengeneza Desemba 1954 kwa mgandamizo na joto kali, siku hizi kuna njia nyingine ya kuikuza kwa gesi, tabaka juu ya tabaka. Sonara wa kawaida na lenzi yake hawezi kuitofautisha, inataka mashine za maabara. Kilicho tofauti ni bei, na bei imeshuka sana. De Beers wenyewe, wale waliotawala biashara ya almasi duniani, mwaka 2018 walianza kuuza za maabara dola 800 kwa karati, na baada ya hapo bei sokoni zimezidi kwenda chini. Kwa hiyo mtu akikuuzia ya maabara kwa bei ya ardhini amekuibia hata kama jiwe ni almasi kweli.

MOISANAITI. Ugumu 9.25. Jina linatokana na Mfaransa Henri Moissan aliyeikuta mwaka 1893 kwenye mabaki ya kimondo kule Arizona. Na huyu bwana, mkemia aliyekuja kupata Nobel, mwanzoni alidhani ni almasi! Mpaka 1904 ndo akatambua ni kitu kingine. Hilo lilinipa nafuu moyoni, nisiwadanganye. Ya asili ni adimu mno, zote zilizoko madukani zimetengenezwa. Inatoa rangi nyingi kuliko almasi, ukiiweka juani inatupa nyekundu, bluu, kijani, wakati almasi inatoa mwanga mweupe zaidi na rangi kidogo. Wapo wanaopenda hivyo. Inadumu, haififii, maisha yote. Kwa hela ya mtu wa kawaida, kama unataka jiwe jeupe linalofanana na almasi, chukua hili na uliite kwa jina lake.

ZIRKONIA. Nayo ni jiwe la kutengenezwa la kuigiza almasi, ndo imejaa kwenye pete nyingi za elfu thelathini, elfu hamsini. Ugumu 8 hadi 8.5. Ikiwa mpya inawaka sana. Ni nzito, ukiwa na mawe mawili ya ukubwa mmoja moja almasi moja zirkonia, zirkonia inazidi kwa zaidi ya nusu ya uzito wa almasi. Shida ni kwamba baada ya mwaka au miwili ya kuvaa kila siku kona zake zinaanza kulika na uso unapata ukungu wa mikwaruzo midogo. Kwa mtu anayevaa Jumapili tu kanisani inakaa. Kwa mkono wa kazi hapana.

Na hapo kwenye mkono wa kazi ndo nilipobadilika mawazo kabisa. Mzee aliniuliza mchumba wako anafanya kazi gani, nikasema fundi cherehani. Akaenda kuchukua pete moja ya mteja, ile ya jiwe limesimama juu limeshikwa na vijino vinne vya dhahabu wanaviita makucha, akaipitisha taratibu juu ya kipande cha kitenge. Kucha moja likanasa uzi, ukavutika, kitenge kikajikunja. Akasema kwa mkono wa fundi, jiwe likae chini, lizungushiwe ukingo wa dhahabu pande zote, pasiwe na kitu cha kunasa. Makucha yakinasa kila siku yanalegea, siku moja anapiga pindo la sketi jiwe halipo na hajui limedondokea wapi. Hilo hakuna mtu wa dukani aliyeniambia. Kila mtu alikuwa anazungumzia kung'aa.

Kwa hiyo tulichofanya. Mama yake mchumba wangu ana ndugu upande wa Songea, na kule Ruvuma kuna Tunduru, ambako katikati ya miaka ya 1990 watu walimiminika kuchimba mawe, safaya, spineli, na wanunuzi wakaja mpaka kutoka Thailand na Sri Lanka. Safaya, ile wazee wanaiita yakuti, ugumu wake ni 9. Nilipomtajia mchumba wangu akasema hilohilo, jiwe la kusini. Nikaenda kwa dealer mwenye leseni, nikachagua moja ya bluu inayoelekea kijani, kama rangi ya Ziwa Nyasa ukiwa Matema asubuhi, karati 1.1. Nikauliza imechomwa? Akasema ndio, imepashwa moto kutoa rangi, na akaandika hivyo kwenye risiti. Safaya nyingi duniani zimepashwa moto, hilo sio kosa, kosa ni kuficha. Na dhahabu mzee akatengeneza karati 18, akanionyesha akiisugua kwenye jiwe lake jeusi na kudondosha asidi kupima usafi wake. Jumla yote ilikaribia ileile 1,850,000 niliyolia nayo mwanzo.

Angalizo: na safaya nayo inaigizwa. Kuna ya kutengeneza kwa moto, njia aliyoitangaza Mfaransa Verneuil mwaka 1902 akianza na ile nyekundu inayoitwa rubi, ndani ukiangalia na lenzi unaona mistari iliyopinda kama mikunjo ya santuri. Ya ardhini mistari yake ya rangi imenyooka, ina pembe. Na msinunue jiwe ghafi kwa broka wa stendi hana karatasi, kununua madini bila leseni ni kosa kisheria, nendeni kwenye masoko ya madini, hata hapo Chunya lipo, au kwa dealer aliyesajiliwa.

...........

Narudi kujibu maswali, nimeona mengi.

Mdau uliyesema "uzalendo ni tanzanaiti": nakuelewa mkuu na naipenda sana, jiwe lililoonekana Mererani 1967 na duniani kote halipatikani kibiashara sehemu nyingine. Lakini ugumu wake ni kati ya 6 na 7. Vumbi la kawaida la huku kwetu lina chembe za mchanga zenye ugumu wa 7. Maana yake kila ukiifuta vumbi kwa kitambaa kikavu unaikwaruza. Mnunulie herini au kidani, avae shingoni, huko itadumu. Kwenye kidole cha mtu anayelima, anayefua, anayesonga ugali, tanzanaiti itachoka mapema na pia haipendi kugongwa wala kubadilishiwa joto ghafla. Mi nasema hivi kwa kuipenda.

Dada wa Njombe mwenye bajeti ya laki tatu ya kumsaidia kaka yake: chukueni moisanaiti ndogo kwenye fedha 925, au hata pete ya dhahabu nyembamba bila jiwe. Nisingeshauri zirkonia kubwa kwenye shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu, rangi inatoka na kidole kinakuwa cha kijani, na huyo binti atakuwa anauficha mkono.

Kuna mtu kasema pima kwa kupuliza pumzi, mwingine jaribu kukwaruza kioo, mwingine eti choma na kiberiti utumbukize kwenye maji baridi. Jamani. Kupuliza, almasi ukungu unatoka haraka kweli, ila moisanaiti nayo unatoka haraka. Kioo kinakwaruzwa na vitu vingi mno, hata jiwe la kawaida la barabarani. Na kuchoma utaharibu jiwe la watu bure, msifanye kabisa. Lipa elfu kumi kwa sonara mwenye lenzi na mashine ya umeme, au kama ni jiwe la hela nyingi peleka Kituo cha Jemolojia pale Arusha.

Mzee wangu uliyeandika kwamba pete ya jiwe sio mila yetu, babu zetu walitoa ng'ombe na majembe. Ni kweli mzee, shikamoo. Hata huko kwa wazungu hii ya kwamba lazima iwe almasi imekuzwa sana na matangazo, ule usemi wa almasi ni ya milele uliandikwa mwaka 1947 na mwanamke mmoja mwandishi wa matangazo, Frances Gerety, kwa ajili ya De Beers. Mahari tunapeleka kama kawaida, ng'ombe wameshatajwa na wazee wa Tukuyu na hatujapunguziwa. Pete ni kitu cha mimi na yeye, ndo maana nimetaka aione kila siku akiwa kazini na ajue ni nini hasa.

Aliyeuliza kama almasi ina faida ya kuuza baadaye: ukirudisha dukani pete yenye almasi ndogo, ya ardhini au ya maabara, jiandae kupewa hela ndogo sana kuliko uliyotoa. Kinachobaki na thamani ambayo sonara yeyote atakupimia mezani ni dhahabu. Kama una hela ya ziada ongeza gramu za dhahabu, sio ukubwa wa jiwe.

Kuhusu kusafisha, hii niliipenda. Almasi inashika mafuta kuliko mawe mengi. Kwenye migodi walikuwa wanapitisha mchanga na maji juu ya meza zilizopakwa grisi, mawe mengine yanateleza na maji, almasi inanasa kwenye grisi. Kwa hiyo mama anayekaanga vitumbua au samaki na pete yake mkononi ikifubaa asidhani imeharibika au ni feki, ni mafuta. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki laini, unasugua zaidi upande wa chini wa jiwe. Funga mdomo wa sinki au tumia bakuli.

Na la saizi, kwa watu wa nyanda za juu hasa. Msipime kidole asubuhi ya mwezi wa sita au wa saba. Baridi ya Mbeya na Makete inasinyaza vidole, unatengeneza pete inakaa vizuri halafu mkishuka Dar kwa harusi inabana mpaka mtafute mafuta ya kuitolea. Pima mchana, siku ambayo sio ya baridi kali, mara mbili siku tofauti. Ya kwetu mzee alimpima mwenyewe pale dukani kwake na zile ringi zake za kupimia.

Picha mlizoomba naweka jioni akifunga kazi. Kasema hataki ipigwe kwenye kiboksi, anataka ipigwe mkono ukiwa juu ya cherehani, kuna gauni la mteja wa Soweto ya hapa Mbeya linatakiwa kesho.